Punda wa Bibiana

Baiskeli ikikushinda Ifakara, unaelekezwa kwa Eustaki. Ilikuwa hivyo tangu enzi zile mpunga wa bonde zima ulipokuwa ukiingia mjini juu ya keria, gunia limelazwa nyuma na mwanamume anasukuma kwa bega huku jasho linamfika kwenye kandambili. Imebaki hivyo hata sasa, bodaboda zimejaa kila kona na vijana wanaiona baiskeli kuwa usafiri wa wazee na wasio na bahati. Kibanda chake kiko nyuma ya soko, bati juu, miti pembeni, na ukuta mmoja uliotundikwa rimu mpaka mbao hazionekani. Mwenyewe ni mfupi, kifua kipana, ulimi mkali. Mteja akileta baiskeli iliyofungwa waya mahali pa nati, Eustaki anamtukana kwanza ndipo anaipokea. Watu wamemzoea, wanasema matusi ni sehemu ya matengenezo.

Alizaliwa Chita, akaja mjini angali kijana, akajifunza kazi kwa mjomba wake, na hakuwahi kufanya nyingine. Mke alimpata kijiji cha Namawala. Bibiana alikuwa mrefu kumzidi, mnene wa kupendeza, mwenye kicheko kilichovuka ua wa jirani. Kwenye picha ya harusi yao bwana harusi amesimamishwa juu ya tofali, na gauni la bibi harusi limetandazwa makusudi ili tofali lisionekane, lakini kona yake moja inaonekana. Picha hiyo Bibiana aliitundika sebuleni, na kila mgeni alipoitazama yeye alianza kucheka upya. Eustaki alikasirika miaka ya mwanzo, kisha akachoka kukasirika.

Ndoa yao iliishi kwa misimu. Mvua zikianza, Bibiana alihamia shambani Namawala kama wafanyavyo wengi wa bonde hili, akakaa kibandani mpaka mavuno, kupanda, kupalilia na kuamia ndege. Jumapili mume alimfuata kwa baiskeli akiwa na chumvi, sabuni na habari za mjini. Kiangazi walikuwa pamoja, wakagombana kidogo, wakasubiri mvua nyingine. Mtoto waliyejaliwa kumlea hadi utu uzima ni mmoja, Lukelo, ambaye yuko kwenye mashamba ya miwa na hurudi kwa nadra. Mkewe, Stumai, na binti yao mdogo wanaishi kwa wazee.

Kiharusi kilimkuta Bibiana shambani, wakati wa palizi. Jembe lilimponyoka mkono wa kushoto, akaliokota, likamponyoka tena, na alipoinama kulifuata hakuinuka. Majirani wa shamba walimpakia kwenye bodaboda, dereva mbele, mwanamke mmoja nyuma, yeye katikati kichwa kimelala begani kwa dereva, wakamleta mjini kwa njia ya matope. Hospitali ilimrudishia uhai na maneno, ingawa maneno yenyewe yalitoka yakiburuta upande mmoja. Mguu wa kushoto ulibaki mzito, na mkono wa kushoto ulikuwa na mambo yake: siku nyingine umelegea kama tambara, siku nyingine umekunja ngumi haufunguki. Hujafa hujaumbika, watu walisema, wakatikisa vichwa, wakaenda zao.

Sasa sikiliza shida ilipokuwa. Choo cha nyumba ile kiko nyuma, kupita migomba, kwenye kijia kinachoteremka kuelekea mfereji wa maji ya mvua. Mtu mzima akitembea anafika kabla hajamaliza sentensi. Bibiana hakuweza kufika. Stumai alikuwepo nyumbani kutwa, mwenye nguvu na roho nzuri, na angempeleka mara zozote zilizohitajika. Lakini Bibiana alilelewa kwamba mkwe ni mkwe. Mtapikiana, mtacheka, mtasukana nywele barazani, ila mke wa mwanao hakuvui nguo. Bora afe. Na hilo alilisema waziwazi, bila kupunguza sauti, mpaka Stumai akalia jikoni.

Kwa hiyo kazi ilikuwa ya Eustaki. Alfajiri alimbeba, akamrudisha, akaenda kibandani. Mchana akaacha baiskeli imepinduliwa magurudumu juu, akaja, akambeba, akarudi. Jioni tena. Yeye mfupi, mke mrefu, miguu ya Bibiana ikining'inia karibu na udongo na mkono ule mkaidi ukimkaba shingo. Alikuwa mzito, Mungu amrehemu. Eustaki alihema njia nzima, na Bibiana, aliyezoea kucheka kila kitu, alifumba macho mpaka wafike. Majirani walimsifu mzee kwa uvumilivu wake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wao hawakuwa na viuno vyake.

Aliyegundua jambo la pili ni Aikande, dada wa Kipare anayefanya kazi kitengo cha mazoezi ya viungo hospitalini. Bibiana alipopelekwa mazoezini, Aikande alimtazama midomo iliyopasuka, akambana ngozi ya mkono, akamgeukia Eustaki.

"Shikamoo mzee. Mama hapewi maji?"

"Marahaba. Maji yapo mtungini, mwanangu. Nani amnyime?"

Bibiana akaangalia ukutani. Ukweli ulitoka polepole: alikuwa hanywi tangu asubuhi hadi jioni ili asimtoe mumewe kazini. Chai aliimwaga chini ya kitanda.

"Mimi nataka kitu kimoja tu, Baba Lukelo," alisema kwa ule mdomo wake uliopinda. "Niende chooni mwenyewe, nirudi mwenyewe. Hayo mengine Mungu atajua."

 Usiku ule Eustaki hakulala vizuri, na asubuhi alimtukana mteja ambaye hakuwa na kosa.

Hospitali iliwaazima fremu ya kutembelea, zile za bomba jepesi zenye miguu minne na raba chini. Kwenye sakafu ya wodi ilikuwa kitu kizuri. Kwenye udongo mweusi wa kwao ilizama kama jembe. Tena fremu hiyo unatakiwa uinyanyue, uisogeze, uitue, na Bibiana alikuwa na mkono mmoja tu wa kunyanyulia. Eustaki alimtazama mke wake akihangaika nayo pale uani, akaichukua, akaigeuza juu chini kama afanyavyo kwa baiskeli, akasema kitu hiki kimetengenezwa na mtu asiyejua matope. Akaenda kutengeneza chake.

Fremu yake ya kwanza ilikuwa na magurudumu manne ya baiskeli za watoto. Haikuhitaji kunyanyuliwa, na hilo lilimfurahisha. Akamsimamisha Bibiana, akampa mpini, akarudi nyuma na kifua mbele. Bibiana akasukuma kwa mkono wake mzima, na fremu ikapinda kushoto, ikapinda zaidi, ikamzungusha uwanja mzima hadi mlangoni alikoanzia. Stumai alicheka mpaka akakaa chini. Bibiana naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu palizi, mate yakimtoka pembeni.

"Baba Lukelo, hiki kinanirudisha nilikotoka!"

Eustaki alitoka bila kuaga. Alifika kwa Aikande amebeba fremu yake begani, amenuna, akaitua mbele ya wagonjwa wote akataka aambiwe kosa liko wapi. Aikande hakucheka. Alimweleza mambo ambayo hakuyajua, kwamba mkono ule haukatai kwa ukaidi. Ubongo umepoteza njia ya kuutuma, na mtu akishtuka, vidole hujikunja vyenyewe visifunguke hata umsihi. Alimwambia asahau breki za kukamata kwa vidole kama za baiskeli. Mgonjwa wa namna hii anapoanza kuanguka anajitupa juu ya kile alichoshika, uzito wote, na kile kitu ndicho kinachopaswa kusimama.

"Yaani akiegemea kidogo kiende, akilala juu yake kisimame," Eustaki alisema.

"Hivyo hivyo, mzee. Ukiweza hilo, hata mimi nitakupigia magoti. Nina wagonjwa wengi wa vijijini wanaorudishwa huku wamevunjika."

Wiki nyingi zilienda katika jambo hilo. Aikande alikuja kibandani jioni akitoka kazini, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamkatalia hili na lile. Mpini ulihamishwa katikati ili mkono mmoja utoshe. Gurudumu la mbele likawa moja, pana, lisizame. Jibu la breki lilikuwa limetundikwa ukutani siku zote: springi za siti za baiskeli kuukuu. Eustaki alizifunga chini ya fremu upande wa nyuma, na kati yake akaweka kipande kinene cha tairi la lori. Ukigusa mpini, magurudumu yanabingirika. Ukiulalia, springi zinaminywa, raba inakita ardhini, na fremu inagoma. Kwenye udongo mkavu inagoma, kwenye matope inagoma. Aikande aliijaribu kwa kujitupa juu yake mara kwa mara, koti lake jeupe likachafuka, na akapiga kelele kama msichana wa shule.

Kilichobaki kilikuwa kukaza springi zilingane na mtu. Zikiwa laini mno fremu haiendi. Zikiwa ngumu mno haisimami. Ilikuwa mwezi wa saba, mpunga umeingia ndani, na shamba la Namawala ndugu walikuwa wamelivuna. Huo ndio mwezi ambao bonde letu linakula. Kulikuwa na wali mpya na kambale wa mtoni, na Lukelo alikuja na sukari. Bibiana, aliyeanza kunywa maji baada ya kugombezwa na Aikande, alikuwa amerudisha mwili wake wote na wa ziada. Eustaki alimsimamisha uani, akamwambia alalie mpini, akakaza nati, akamwambia alalie tena, akalegeza kidogo. Alikuwa hajawahi kutengeneza kitu kwa makini namna ile. Alipomaliza, akazichomelea nati zile zisilegee kamwe.

"Mzee, uwe unaitazama," Aikande alimwambia siku ya kuichukua. "Kila mwezi uipime upya. Mambo hubadilika."

"Chuma changu hakibadiliki, mwanangu."

Na kweli, kila Jumapili baada ya misa aliipindua ile fremu, akapaka springi grisi, akakagua raba na kujaza upepo. Alifanya alichoambiwa, kwa jinsi fundi anavyosikia maneno kama hayo. Chuma ndicho alichodhani kinazungumzwa.

Bibiana alikwenda chooni mwenyewe. Siku ya kwanza nyumba nzima ilisimama mlangoni ikijifanya inafanya mambo mengine. Mguu mzito ulichora mstari kwenye udongo, gurudumu likapita migomba, kwenye mteremko akaogopa, akalala juu ya mpini, na fremu ikasimama palepale. Akapumua. Akaenda. Aliporudi, uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka mbali, akamtaka Stumai amletee maji ya kunywa, kikombe kikubwa, akayamaliza mbele yao wote.

Jina la punda alilitoa yeye. Punda, alisema, ukimwelemea sana anasimama, na kumpiga hakusaidii. Mtaa mzima ukalichukua. "Punda wa Bibiana amepita," watoto walisema. Alikwenda naye jumuiyani, alikwenda naye barazani kwa majirani, alikaa na kuwasema watu kama zamani. Aikande alikuwa na wagonjwa wanaosubiri, na Eustaki akaanza kukata mabomba ya punda wengine.

Mikono yake ilirudi kwenye baiskeli. Hakumbeba tena mke wake, asubuhi wala mchana wala jioni, na hakuna aliyeona hilo kuwa jambo la kutazamwa. Ndicho kilichokuwa kimetafutwa. Kiuno kilipona. Alikuwa na furaha ya wazi, ya kutembea nayo mjini, na kama alivimba kichwa kidogo, nani angemlaumu.

Kisha mvua za kifuku zikaja. Mwaka ule zilikuja vibaya, maji yakafunga njia za mashamba, na ghala za nyumba nyingi zikabaki na makapi mapema. Kila mwaka iko miezi hiyo, wa pili na wa tatu, mpunga uko shambani bado wa kijani na wa ndani umekwisha, bonde lote linakonda. Wanaume wanakaza suruali kwa kamba, pete zinateleza vidoleni, watoto wanabaki macho tu. Na tuna adabu yetu katika hilo. Hakuna anayemwambia mwenzake, "Umekonda." Kumwambia hivyo miezi hiyo ni kumtangazia njaa yake mwenyewe, na pengine na yako. Watu wanasalimiana, wanaulizana habari za mvua, wanapishana. Mwezi wa saba utakuja, kila mtu atarudi mahali pake.

Bibiana alikonda kuliko wote. Homa ilimlaza katikati ya mwezi wa pili, akainuka bila hamu ya kula, na kile kidogo kilichowekwa kwenye sahani yake alikimegea mjukuu. Kwa sababu ya baridi ya mvua alivaa sweta la Eustaki, akajifunga kitenge juu ya kitenge, akaonekana yuleyule. Stumai, aliyemwosha miguu na kumsuka nywele, aliona shingo. Hakusema. Eustaki alitoka asubuhi gizani na kurudi jioni gizani, na Jumapili, baada ya misa, alipaka springi grisi.

Ilitokea asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mvua ilikuwa imekatika tu na migomba ilikuwa ikidondosha maji. Stumai alikuwa amekwenda kusaga mihogo. Bibiana akachukua punda wake akaenda. Kwenye mteremko mguu uliteleza, naye akafanya kile alichokuwa akifanya kwa miezi yote: akajitupa juu ya mpini. Raba haikufika chini. Magurudumu yakabingirika, yakamvuta, yakamwachia ukingoni mwa mfereji, pale penye mawe.

Bodaboda ilimfuata Eustaki kibandani. Alifika akakuta majirani wamemzunguka wakiwa na khanga za kumfunika, hakuna anayethubutu kumgusa. Fremu ilikuwa imelala ndani ya mfereji, gurudumu la mbele likizungushwa na maji.

"Nilimlalia," Bibiana alimwambia. "Nilimlalia kabisa. Punda hakunisikia."

"Nyamaza, Mama Lukelo. Nyamaza."

Alipiga magoti kwenye matope, akapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya mapaja, kama zamani. Akakaza tumbo, akabana meno, akakusanya nguvu zote za kiuno na miguu alizojua zinahitajika kumwinua mwanamke yule. Akainua. Bibiana akaja juu kwa wepesi mno, hata Eustaki akapepesuka kinyumenyume na jirani mmoja akamdaka mabega. Alisimama pale amembeba. Alikuwa amejiandaa kwa mtu mwingine. Chini ya lile sweta na vile vitenge viwili hapakuwa na kitu zaidi ya mifupa, na yeye, mumewe, aliyekula naye na kulala naye, ndiyo kwanza anajua. Akalia kwa sauti, mbele ya watu, na waliokuwapo walidhani ni kwa ajili ya mguu uliovunjika.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Aikande alitoka wodini akaenda nyumbani kwa Eustaki kuitazama ile fremu, akaikuta imeegemezwa ukutani bado ina matope. Akaishika mpini, akalalia. Ikashuka, raba ikakita. Akapunguza, akalalia kwa nusu ya mwili wake. Ikabingirika. Akabaki ameishika hivyo.

"Springi ni nzima," Eustaki alisema. "Nilipaka grisi Jumapili."

"Ni nzima, mzee. Mama ndiye aliyepungua." Kisha akasema, "Nilipaswa kuja mwenyewe. Nilisema mambo hubadilika, sikusema mambo gani."

Eustaki alitaka kumtukana, lakini tusi halikuja. Akamgeukia Stumai aliyesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Wewe hukuona?"

"Niliona, baba."

"Ukanyamaza."

"Ningesemaje, baba? Wote tulikuwa hivyo."

 Eustaki mwenyewe alikuwa amejifunga suruali kwa kamba ya mpira wa baiskeli, na asubuhi ileile fundi mwenzake wa jirani alimtazama kiunoni na kumuuliza habari za mvua.

Bibiana alirudishwa nyumbani, maana kwa mwili ule na nyonga ile madaktari hawakuwa na la ziada. Eustaki alifunga kibanda. Alimbeba, akambeba tena, kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai, na sasa ilikuwa kazi rahisi, na urahisi huo ndio uliomuua yeye. Mkewe alifumba macho njiani kama mwanzo. Siku chache zikapita, akaacha kunywa. Eustaki aliona kikombe kimejaa, akakileta mdomoni mwake, akabembeleza, akafoka, akapiga magoti.

"Mama Lukelo, kunywa. Kwangu si kazi."

"Kwangu ndiyo kazi," Bibiana alisema.

Hakulaumu springi wala mtu. Alikuwa amechoka kubebwa, basi. Alikufa mpunga ukianza kugeuka rangi, akazikwa Namawala, na waliombeba walikuwa vijana waliotembea haraka. Eustaki alifuata nyuma akitazama miguu yao. Alikuwa na hasira nao, na hakujua awaambie wapunguze mwendo kwa sababu gani.

Mavuno yakaja, watu wakanenepa. Eustaki alifungua kibanda, akatengeneza baiskeli, na wateja walishangaa kwamba hatukani tena. Yale mabomba aliyokwisha kuyakata kwa ajili ya punda wengine yalikaa kona yakishika kutu. Aikande alikuja mara nyingi kukaa kwenye ndoo. Alizungumzia wagonjwa wake. Eustaki aliziba pancha. Aikande aliwahi kumwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mzee akamjibu, taratibu, kwamba koleo hazizikwi.

Mwishowe Aikande aliacha kuja peke yake. Alikuja na Kheri, mwenye duka la vyombo karibu na stendi, mtu wa asili ya pwani, mpole, kanzu safi, ambaye mkewe Asmahani alikuwa amepigwa na kiharusi mwezi wa Ramadhani. Kheri alisalimia, akakaribishwa, akaeleza. Alieleza kubeba asubuhi, kubeba mchana, duka kufungwa na kufunguliwa. Alieleza kwamba mkewe amekuwa hataki maji.

Eustaki aliposikia hilo aliweka chini tupa aliyokuwa ameishika.

Alikaa na fremu ya Asmahani siku nyingi. Hakuchomelea nati safari hii. Aliweka nati zenye masikio, za kukaza na kulegeza kwa vidole, na Aikande akachora alama za rangi pembeni mwa springi ili hata asiyejua aone pa kuishia. Kheri alipokuja kuichukua na mwanawe wa kuisukuma, Eustaki alimfundisha yote, akamrudisha nyuma, akamfundisha tena. Kisha akamshika mkono wa kanzu.

"Bado moja. Kila Ijumaa ukitoka msikitini, kabla hujafanya lingine, umbebe mkeo. Umnyanyue kwa mikono yako miwili, usimwamini macho wala nguo. Ukimwona mwepesi, legeza springi, kisha mlete kwa Aikande. Usipokubali hilo, fremu haitoki hapa."

Kheri alitabasamu kwa adabu, akamtazama Aikande, akamtazama mzee.

"Mzee Eustaki, mbona unanichanganya? Mimi nimekuja kwako ili niache kumbeba."

"Najua," Eustaki alisema. "Na mimi niliacha."